Sauna Inayofuata Upepo

Katika jengo lile la ghorofa tatu pale Imatra, mpakani mwa Ufini na Urusi, Jumamosi jioni ilikuwa mali ya Irja Suikkanen, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Kila kaya ilikuwa na saa yake moja ya wiki katika sauna ya chini ya jengo, chumba cha kuogea mvuke. Wengine walikuwa na Jumatano, wengine Ijumaa, lakini Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili ndiyo iliyokuwa saa ya kifalme. Haipatikani kwa kuomba. Irja na mumewe Paavo waliirithi bibi mmoja wa ghorofa ya pili alipofariki, na hata siku ya mazishi yake kulikuwa na majirani wengine wawili waliokuwa wakiimezea mate pale pale kaburini.

Paavo alikuwa seremala. Mabenchi ya ile sauna aliyapiga randa yeye mwenyewe, laini kiasi cha mtu kukaa bila taulo asichomwe hata na kibanzi kimoja. Alipokufa, Irja hakuacha kushuka. Kila Jumamosi alikaa benchi la juu peke yake, akayamwagia mawe maji, mvuke ukapanda, akamsimulia marehemu habari za wiki nzima: nani kaumwa, nani kanunua gari, duka lake la mapazia lilivyofungwa baada ya wateja wa Saint Petersburg kuacha kuja. Makaburini alikwenda pia, lakini makaburini kuna baridi, na mtu hawezi kuongea sana.

Sasa sauna hiyo ndiyo aliyotaka Kauko Tiainen kuigeuza banda la baiskeli.

Kauko alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wenye nyumba, na mweka hazina pia, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka mzigo huo. Maisha yake yote alikuwa afisa forodha mpakani, kilomita chache kutoka hapo, hadi lango lilipofungwa naye akarudishwa nyumbani na saa ya ukutani ya kuagwa. Alikuwa mkono wa birika wa kupigiwa mfano. Taa za ngazini alizitegesha zizimike kabla mtu hajafika ghorofa ya pili, ukabaki unapapasa tundu la ufunguo gizani na kumtaja jina kwa ubaya.

Mkutano wa Oktoba ulifanyika katika chumba cha kufulia nguo, kaya zote nane zikiwa zimekaa kati ya mashine. Kauko alisimama na karatasi zake.

"Zamani," alisema, "umeme ulitujia kutoka mashariki kwa waya, gesi kwa bomba, na wateja kwa mabasi. Vyote vitatu vimekatika. Simlaumu mtu. Nilikuwepo langoni, najua kwa nini. Lakini sasa umeme tunaununua sokoni, bei inabadilika kila saa, na mkopo wa paa nao riba yake inapangwa na benki kuu ya Ulaya kule Frankfurt. Wakinuna Frankfurt, paa letu linavuja. Jiko la sauna linakula umeme kuliko ngazi, lifti na pampu vikijumlishwa. Nasema tulizime. Baiskeli zinanyeshewa huko nje."

Usiku uliotangulia Irja alikuwa ameshaamua: sauna ikifungwa, anauza nyumba na kwenda Brussels kwa binti yake Sanelma, ingawa nyumba za mpakani siku hizo zilikuwa hazina mnunuzi. Angekaa pale afanye nini? Duka halipo, mume hayupo, na majirani hata majina ya wengine hakuyajua vizuri.

Lakini Irja ni mtu wa Karelia, jimbo la mpakani, na watu wa Karelia mdomo hauwaishii.

"Wewe Kauko," alisema, "ulizoea kufunga lango. Sasa lango la mpakani limefungwa bila wewe, ndiyo unatafuta jingine la kufunga?"

Mashine za kufulia zenyewe zilitaka kucheka. Kauko akasubiri watu waliocheka watulie.

"Una mpango, Irja, au una maneno tu?"

"Ninao. Upepo ukivuma kule pwani ya magharibi, mitambo inazunguka na bei inaanguka. Siku nyingine inaanguka mpaka chini ya sifuri, yaani wanakulipa uutumie. Basi sisi tuoge bei ikianguka. Iwe Jumatatu, iwe asubuhi, iwe lini."

Kila mtu alikuwa ameelewa neno ambalo Irja hakulisema. Ljudmila Hyvönen wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyelitoa.

"Na saa zetu?"

"Swali zuri hilo," alisema Kauko, na kwa mara ya kwanza jioni ile alitabasamu. "Irja, Jumamosi yako utaitoa?"

Alijua pa kumshika. Wote walijua. Irja aliangalia mashine iliyokuwa mbele yake, akaona nguo za mtu zimesahaulika ndani, soksi za mtoto.

"Naitoa," alisema.

Baada ya hapo wengine wangekataaje? Mzee Reino Kuisma, ambaye Ijumaa yake alikuwa nayo tangu enzi za rais wa zamani kabisa, alilalamika kidogo kisha akaitoa. Walikubaliana hivi: sauna ijaribiwe hadi mwisho wa Januari, na gharama yake isizidi nusu ya ile ya majira ya baridi yaliyopita. Ikizidi hata senti moja, baiskeli zinaingia.

Hapo ndipo maisha ya jengo lile yalipovurugika, na yalivurugika vizuri.

Saa za bei ya chini hazikuwa nyingi, kwa hiyo haikuwezekana tena kila kaya kuoga peke yake. Ilibidi wanawake waingie wote kwa pamoja, kisha wanaume, jiko likiwa bado moto. Watu waliokuwa wakitikisiana vichwa tu ngazini miaka ishirini wakajikuta uchi wa mnyama bega kwa bega, wakihemea mvuke mmoja. Mara ya kwanza walizungumzia hali ya hewa. Mara ya pili waliisema hali ya hewa vibaya. Mara ya tatu walimsema Kauko, na kuanzia hapo urafiki ukashika.

Irja ndiye aliyegonga milango. "Upepo!" angepiga kelele ngazini, naye Reino angetoka na taulo shingoni hata kama alikuwa katikati ya supu ya njegere. Siku bei ilipoanguka kupita kiasi, si wao tu. Mji mzima uliingiwa na wazimu. Saa nne asubuhi ya siku ya kazi watu walikuwa wanaoka mikate, wanafua mazulia, wanachaji magari, na harufu ya mikate ya shayiri ikatanda mitaa yote mpaka mbwa wakawa hawatulii.

Ni humo saunani Ljudmila alipoeleza habari za mama yake. Ljudmila alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Vyborg, upande wa Urusi, na mama yake mzee alikuwa bado huko. Zamani alipanda basi asubuhi na kilo mbili za kahawa, akala chakula cha mchana kwa mama, akarudi jioni.

"Sasa je?" Irja aliuliza.

"Sasa nampigia simu. Ananiambia, mwanangu, kahawa imeisha. Mimi nasema, mama, vumilia. Nimwambie nini tena? Kutoka hapa kwangu mpaka kwake ni mbali kuliko kwenda Hispania."

Alilia kidogo, na kwa kuwa wote walikuwa wamelowa jasho, hakuna aliyelazimika kujifanya hajaona. Mwanamke wa ghorofa ya tatu, mama wa mapacha, alimmwagia maji ya vuguvugu mgongoni. Irja alishangaa mwenyewe kwamba miaka yote hiyo alikuwa akizungumza na marehemu, na kumbe chini yake alikuwa akiishi mtu aliye hai mwenye hamu ya kuongea.

Jambo moja tu lilimponza Irja, nalo ni kiburi cha mama. Bei za kesho hutoka kila siku mchana, na kila mtu mwenye simu anaziona. Irja hakuridhika na simu. Binti yake Sanelma alikuwa mtafiti katika taasisi moja kule Brussels, anaandika ripoti kuhusu biashara, nishati na fedha, na jinsi mambo hayo matatu yanavyoiweka Ulaya mahali pake duniani. Mtu akiwa na mtoto kama huyo, akasome bei kwenye kisimu kama watu wengine? Kuanzia mwanzo wa Desemba, Irja alipokea saa za bei ya chini kutoka kwa Sanelma mwenyewe, na kila alipobandika tangazo mlangoni aliandika juu yake: "Kutoka Brussels."

"Mama," Sanelma alisema siku moja kwenye simu, "nimekwama na ripoti. Niseme nini kuhusu nafasi ya Ulaya kwa maneno ambayo waziri atayaelewa?"

"Mwambie tulikuwa na muuzaji mmoja wa kila kitu, naye akatushika pabaya."

"Hilo wanalijua."

"Basi mbona mnaendelea kuliandika?"

Sanelma akacheka. "Kwa sababu kulijua ni rahisi, mama. Kazi ni nchi ishirini na saba kukubali kununua pamoja, kukopa pamoja na kupitishiana umeme. Kila mmoja anataka, lakini kila mmoja ana saa yake ya Jumamosi. Huyu ana mitambo yake ya nyuklia, huyu ana benki zake, huyu ana bandari yake. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuitoa."

"Waite hapa niwaogeshe."

"Ningeweza, ningewaleta kesho."

Basi ikaja ile Alhamisi ya kabla ya Krismasi. Wiki nzima upepo ulikuwa umetulia na bei ilikuwa juu, juu ya kutisha, lakini dhoruba ilikuwa njiani kutoka bahari ya Norway. Sanelma aliandika: saa saba mchana bei inaanguka kutoka mlimani hadi shimoni. Irja alibandika tangazo. Saa saba kamili alibonyeza swichi, jiko likaanza kunguruma, na watu wa jengo zima wakajipanga na mataulo, vikapu vya maandazi ya Krismasi vikiwa vimefunikwa vitambaa. Wanawake waliingia, wanaume wakaingia, Reino akaimba nyimbo tatu za kanisani na moja isiyo ya kanisani. Walipomaliza walizima jiko, wakakaa katika chumba cha kubadilishia nguo wakinywa kahawa, wamepata raha mpaka vidoleni.

Kauko alishuka akiwa ameshika simu. Yeye hakuwa anaoga nao. Alisema ana bafu lake la kusimama, linamtosha.

"Mmefurahi?" aliuliza.

"Sana."

"Mnastahili. Mmeoga katika saa ghali kuliko zote za mwaka huu."

Irja akakiweka kikombe chini. "Acha utani. Bei imeanguka saa saba. Brussels wamesema."

"Imeanguka saa saba, ndiyo. Saa saba ya Brussels." Kauko aliigeuza simu ili wote waone. "Hapa kwetu ilikuwa saa nane. Wao wako nyuma yetu kwa saa nzima, Irja, tangu uzaliwe. Hivi tunavyozungumza umeme ndio unagawiwa bure, na nyinyi mnakunywa kahawa."

Ilichukua muda kumwingia kila mtu. Ljudmila ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akapasuka kwa kicheko mpaka kahawa ikamtokea puani, na wengine wakamfuata. Reino alivunjika mbavu mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Wiki tatu walikuwa wanaoga saa moja kabla ya wakati wake! Siku nyingine haikuonekana, kwa kuwa bei ilikuwa ikishuka polepole, lakini siku ile ilishuka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi.

Irja peke yake hakucheka. Aibu ilimshika masikio yakawaka. Alimpigia Sanelma jioni ile.

"Mwanangu, saa unazonitumia ni za wapi?"

Akasikia sauti ya mtu anayejipiga paji la uso. "Mama. Mama, nisamehe. Na mimi ndiye niliyeandika sura nzima kuhusu soko moja la umeme la Ulaya."

"Soko ni moja," Irja alisema kwa uchungu, "lakini jua hatulioni kwa pamoja."

Kauko alipiga hesabu, na hakudanganya. Kauko hakuwa mtu wa kudanganya. Kilichobaki hadi mwisho wa Januari kilitosha kuwasha jiko mara moja tu, tena iwe siku ya bei ya chini.

Wakangoja siku hiyo. Badala yake ikaja baridi.

Ilikuja baada ya mwaka mpya na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, kisha ishirini na nane, kisha thelathini. Mto Vuoksi ukatoa mvuke, theluji ikalia chini ya viatu, na kule magharibi mitambo ya upepo ikasimama kimya, hakuna hata bawa linalotikisika. Nchi nzima iliwasha majiko, bei ikapaa, na ikakataa kushuka. Irja aliangalia simu yake kila mchana, simu ya kawaida kama ya watu wengine, na kila mchana aliiweka chini akiguna.

"Washa tu, Irja," mama wa mapacha alimbembeleza ngazini. "Tuchange wenyewe."

"Tulikubaliana. Tukivunja sisi, Kauko atasema nini?"

"Atasema alichosema siku zote."

"Basi asiseme kwa sababu yetu."

Mfini kukaa wiki tano bila sauna ni jambo la kumwonea huruma. Irja alihisi mifupa yake imekuwa ya mtu mwingine. Jumanne moja jioni alishindwa kukaa ndani, akavaa koti, kofia ya sufu na viatu vya manyoya, akashuka chini bila sababu. Alitaka tu kuona mabenchi. Labda alikuwa anakwenda kuyaaga, kwa maana Januari ilikuwa inakatika, na tayari alikuwa amemuuliza Sanelma kama chumba cha wageni kina dirisha.

Akafungua mlango. Benchi la juu alikuwa amekaa Ljudmila, amevaa koti, amekumbatia chupa ya chai.

"Na wewe?" alisema Ljudmila.

"Na mimi," alisema Irja, akapanda.

Jumatano walikuwa watatu, kwa sababu Reino alisikia sauti akafikiri bei imeanguka na yeye hakugongewa, akashuka na taulo na hasira zake, kisha akapanda juu kuchukua koti. Kufikia Jumamosi, siku ya mwisho ya Januari, walikuwa wamejaa. Wanaume na wanawake safari hii walikaa pamoja, kwa kuwa hata mchungaji asingeona cha kukemea: kila mmoja alikuwa amevaa kama anakwenda Ncha ya Kaskazini. Mapacha walilala juu ya mapaja ya watu wasio ndugu zao. Irja alikuwa ameleta pai za Karelia zenye wali ndani, zimefungwa taulo zisipoe, na siagi ya mayai juu yake.

Kauko aliiona taa. Kutoka ngazini aliona mwanga chini ya mlango, akasikia vicheko, na afisa forodha aliyekuwa amelala ndani yake akaamka. Alishuka kimya kimya, soksi juu ya viatu asisikike, akausukuma mlango kwa nguvu.

"Nimewakamata!"

Nyuso zote zilimgeukia, pua nyekundu, pumzi zikitoka kama moshi. Kauko hakutegemea makoti. Alisimama, akalisogelea jiko, akavua glavu na kuweka kiganja juu ya mawe.

"Ya baridi," alisema.

"Ulitegemea nini?" aliuliza Ljudmila. "Ulikuja mbio hivyo ukidhani tuko uchi?"

Walicheka mpaka mapacha wakaamka. Kauko mwenyewe alikuwa mwekundu masikioni.

"Mnafanya nini humu?"

"Tunaoga," alisema Reino.

"Si nilisema?" Kauko alijikusanya, akasimama wima. "Nyuzi thelathini nje, na sauna yenu imelala. Hesabu hamkuzidisha, hilo nawapa. Lakini sauna ya kungoja upepo ni sauna gani? Siku upepo ukilala mtafanyaje?"

Irja alikuwa amejiandaa na maneno makali kwa siku nyingi. Sasa aliyatafuta asiyapate, na kilichotoka kilikuwa chepesi tu.

"Ukilala, tunakaa pamoja mpaka uamke. Zamani hatukungoja upepo, Kauko, tulimngoja jirani wa mashariki. Wewe ulikuwa langoni. Bora tungoje nini?"

Kauko aliangalia mabenchi, yalivyojaa juu na chini, mzee wa ghorofa ya tatu ameegemea bega la msichana wa ghorofa ya kwanza, na chupa ya chai ikipita mkono kwa mkono. Macho yake yalikuwa kama ya mtu anayehesabu magari foleni. Miaka mingi watu walipita mbele yake kwa maelfu, kila mmoja akimsalimu na kumpa pasi. Na tangu lango lilipofungwa, hakuna aliyempa hata kikombe.

"Panda basi," alisema Ljudmila, akisogea. "Joto lote liko huku juu."

Akapanda. Mtu akampa pai, mwingine kahawa. Alikula, makombo yakimdondokea kifuani, na watu wakarudia mazungumzo yao, ambayo kwa bahati nzuri hayakuwa yakimhusu yeye kwa wakati ule. Kisha akaacha kutafuna.

"Nyamazeni kidogo. Mnajua kwamba tuko wote?"

"Wote nini?"

"Kaya zote nane. Sheria inasema wenye nyumba wakiwepo wote na wakikubali, mkutano unaweza kufanyika bila kuitwa. Popote. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga, ingawa Reino alinung'unika kwamba pua yake ilikuwa inaganda. Kauko aligonga benchi kwa funguo zake.

"Mkutano umefunguliwa. Tuchague katibu."

"Kauko, kwa jina la Mungu!"

"Utaratibu ni utaratibu. Na wawili wa kuhakiki kumbukumbu."

Wakachagua katibu, mama wa mapacha, akaandika nyuma ya karatasi ya kuokea. Wakachagua wawili wa kuhakiki. Mwaka mzima wa maisha ya Irja, Brussels au hapa, chumba chenye dirisha au benchi hili, ulikuwa katika mdomo wa mtu aliyekuwa na siagi ya mayai kidevuni.

"Hoja ni moja," alisema Kauko. "Anayetaka sauna ifungwe, anyooshe mkono."

Irja hakuthubutu kuangalia pembeni. Alipoangalia, aliona mikono ya Kauko yote miwili imefumbatana kati ya magoti yake, imetulia.

"Hakuna," alisema Kauko. "Iandikwe."

Irja alitaka kusema ahsante, lakini machozi yalimtangulia, yakaja mengi pamoja na kicheko, na Ljudmila akamshika kiuno wakacheka na kulia wote wawili. Hakujua mikono yake aiweke wapi. Basi ikafanya ilichozoea: ikachukua kata, ikachota maji kwenye ndoo, ikayamwagia mawe.

Mawe hayakutoa hata mlio. Maji yalitiririka tu, yakaingia kwenye tundu la sakafuni. Lakini benchi la juu na benchi la chini, kaya zote nane kwa pamoja, walikuwa wameinamisha vichwa na kuziba masikio kwa mikono wakingoja mvuke uwapitie, na aliyeinama kuliko wote alikuwa Kauko.